Doa Lililorudi Bila Mvua: Kisa cha Feni ya Bafuni Iliyotoa Hewa Juu ya Dari

Feni ya bafuni ikivuma, karibu kila mtu huamini kwamba mvuke unatoka nje ya nyumba. Katika kisa hiki mvuke ulitoka bafuni kweli, ila nje haukufika. Uliishia juu ya dari kwa zaidi ya mwaka. Kabla chanzo hakijajulikana, feni mbili zilikuwa zimenunuliwa, vigae vitatu vya paa vimebadilishwa na dari ya korido imepakwa rangi mara mbili. Maelezo yanayoweza kuitambulisha nyumba au watu wake yameondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyoandikwa siku za kazi.

## Nyumba na bafu lenyewe

Ni nyumba isiyo na ghorofa, yenye dari ya jipsamu, kenchi za mbao, na paa la vigae vilivyolazwa juu ya plaiwudi. Juu ya dari kuna sufi ya kioo, yaani nyuzi za kuzuia joto lisipotee, ya unene wa sm 20. Nafasi kati ya dari na paa hupata hewa kupitia matundu yaliyo chini ya upenu, pande mbili za nyumba. Waliokuwa wakiishi humo ni watu wanne, na wote walioga asubuhi, mmoja akimpokea mwingine.

Bafu lina m 2.4 kwa 1.8, na dari iko m 2.4 kutoka sakafuni. Ujazo wake basi ni kama m³ 10.4. Ukitaka hewa ya chumba hicho ibadilike mara 8 kwa saa, kiwango kinachotumiwa sana kwa mabafu, unahitaji feni inayotoa m³ 83 kwa saa, sawa na lita 23 hivi kwa sekunde. Dirisha lipo, lakini ni dogo na msimu wa baridi hakuna aliyelifungua.

Feni ya kwanza ilikuwa ya mapanga, ya kipenyo cha mm 100, na boksi lake liliandikwa m³ 90 kwa saa. Kwa hesabu ya haraka inatosha. Namba ya boksini, hata hivyo, hupimwa feni ikiwa haina bomba wala kifuniko mbele yake. Hii ilifungiwa bomba la plastiki la mikunjo lenye urefu wa m 6, ingawa umbali wa kwenda upenuni ulikuwa m 3.5 tu. Urefu uliozidi uliachwa ulale juu ya sufi kama nyoka. Bomba la mikunjo likilegea, kila pete yake inakuwa tuta dogo kwa hewa, na feni ya mapanga haina nguvu ya kushindana na matuta mia mbili.

## Mambo yalivyofuatana

Mwaka wa kwanza, ukungu mweusi ulianza kwenye kona za dari ya bafu. Kioo kilichukua zaidi ya nusu saa kukauka baada ya mtu wa mwisho kuoga. Fundi aliyeitwa aliona feni ni dhaifu, akaweka nyingine ya mapanga yenye m³ 170 kwa saa, kwenye bomba lile lile. Bomba halikukazwa kwa kilipu, bali lilizungushiwa utepe wa kitambaa. Gundi ya utepe wa aina hiyo hukauka na kuachia upesi pahali penye joto na baridi za kupokezana.

Matokeo yalifurahisha. Kioo kilianza kukauka kwa dakika chache. Wenye nyumba walifanya jaribio la karatasi ya chooni: waliiweka kwenye wavu wa feni ikanasa na kubaki pale. Kazi ikahesabiwa imekwisha.

Miezi mitatu baadaye doa la rangi ya chai lilitokea kwenye dari ya korido, m 1.5 kutoka bafuni. Doa la rangi ya chai kwenye dari humwambia kila mtu jambo moja: paa linavuja. Fundi wa paa alipanda, akabadilisha vigae vitatu vilivyokuwa na nyufa, akaziba maungio yaliyo karibu. Dari ikapakwa rangi. Doa likarudi. Ikapakwa tena.

Lililofungua macho lilikuwa wiki moja ya baridi kali isiyo na tone la mvua. Doa lilipanuka ndani ya wiki hiyo hiyo, na asubuhi lilikuwa bichi kuliko jioni. Paa linalovuja hufuata mvua. Maji yanayokuja na baridi ya alfajiri na kupungua mchana yanatengenezwa humo humo ndani.

## Kilichoonekana juu ya dari

Ukaguzi ulifanywa asubuhi, saa moja baada ya watu kuoga, na wakati huo ulichaguliwa makusudi. Mchana mambo mengi yangekuwa yamekauka.

Ncha za misumari zilizotokeza upande wa chini wa plaiwudi zilikuwa na kutu, na kila moja ilikuwa na tone. Plaiwudi iliyo juu ya bafu ilikuwa nyeusi kwa eneo la kama m² 4. Kipimo cha unyevu cha sindano mbili kilisoma asilimia 26 kwenye kenchi iliyo karibu na feni. Upande wa pili wa paa, mbali na bafu, kilisoma asilimia 13. Tofauti hiyo ilimaliza ubishi kuhusu mvua, maana mvua haichagui kulowesha juu ya bafu peke yake. Mbao zikizidi asilimia 20 ukungu hustawi, na zikikaribia 30 kuoza kwenyewe huanza, kwa hiyo muda uliokuwa umebaki haukuwa mwingi.

Bomba lilikuwa limechomoka kwenye feni na kulala sm 15 kando. Utepe wa kitambaa ulining'inia. Bomba lilikuwa na tumbo katikati, na tumboni mlikuwa na maji karibu lita 2 ambayo yangeziba njia hata kama bomba lisingechomoka. Ncha ya mwisho haikufika nje pia. Ilikuwa imelazwa tu juu ya matundu ya upenu kwa matumaini kwamba hewa itajitafutia njia.

Jambo la nne lilikuwa dogo kwa macho: pete nyeusi kwenye sufi kuzunguka feni. Tundu la jipsamu lilikatwa kubwa kuliko feni, ukabaki mwanya wa sm 1 pande zote. Kupitia mwanya huo hewa ya joto ilipanda mchana na usiku, feni ikiwaka au imezimwa. Weusi ule ni vumbi lililochujwa na sufi hewa ilipokuwa ikipita. Ukiona pete kama hiyo, hapo kuna uvujaji wa hewa.

## Uamuzi: njia ipi hadi nje

Njia nne zilipimwa.

Ya kwanza ilikuwa kurudisha bomba lile lile na kulikaza. Ilikataliwa mara moja, kwa kuwa urefu, tumbo na mwisho wake vyote vilikuwa kasoro.

Ya pili ilikuwa kuweka kifuniko chini ya upenu. Mafundi wengi huipenda kwa sababu haigusi paa wala ukuta. Ubaya wake ni kwamba hewa ya joto ikitoka pale haiendi mbali. Hupanda, na kitu cha kwanza inachokutana nacho ni matundu ya upenu yanayovuta hewa kuingia juu ya dari. Mvuke unatolewa mlangoni na kuingia dirishani. Njia hii ingefaa tu kama matundu ya upande ule yangezibwa kwa m 1 au zaidi kushoto na kulia, na paa hili lilikuwa linayahitaji lipate kukauka.

Ya tatu, kupanda moja kwa moja juu kupitia paa, ndiyo ilikuwa fupi zaidi: m 1.6. Ni njia nzuri nyumba inapojengwa. Hapa ingelazimu kutoboa paa lililo salama, lisilovuja, na bomba lililosimama wima hurudisha kila tone kwenye feni, hivyo ingebidi kuongeza kikombe cha kunasia maji na mrija wa kuyatoa. Kwa nyumba isiyo na njia nyingine tungeiunga mkono bila kusita.

Ya nne ikachaguliwa: ukuta wa mwisho wa nyumba, ule unaopanda hadi kileleni mwa paa, m 3.2 kutoka kwenye feni. Bomba lingeenda karibu sawa na dari, likiwa na kona moja tu, na lingeweza kuinamishwa kuelekea nje. Tundu la nje lilipangwa m 1.4 kutoka kwenye dirisha la karibu linalofunguliwa, ili mvuke na harufu visirudi ndani.

## Kazi ilivyofanyika

Umeme wa saketi hiyo ulizimwa kwenye boksi kuu na kupimwa kwa testa kabla ya kushika waya. Nyaya zilikuwa mbili tu, moto unaotoka kwenye swichi na nyutro, tena bila waya wa ardhini. Feni yenye taima inahitaji moto wa kudumu pia, uendelee kuilisha baada ya swichi kuzimwa. Fundi umeme mwenye leseni alivuta kebo mpya, akaweka swichi ya kutenga feni nje ya bafu, na kuhakikisha saketi iko chini ya swichi ya usalama ya mA 30, ile inayokata umeme unapovuja.

Sufi iliyolowa ilitolewa yote, kama m² 4, ikiwa imefungwa ndani ya mifuko kabla ya kushushwa. Ukungu wa kwenye mbao ulifyonzwa kwa mashine yenye kichujio kizuri, kisha ukasuguliwa kwa maji kidogo ya sabuni. Wafanyakazi walivaa barakoa za kuchuja chembe, glavu na miwani. Dawa ya klorini haikutumika kwenye mbao. Huondoa rangi ya juu, lakini maji yaliyomo huingia ndani ya mbao zinazotakiwa kukauka.

Bomba jipya lilikuwa la bati gumu, mm 100, lenye ndani laini. Lilifungwa kwa mikanda ya chuma kila m 1, na pimamaji ilitumika kuhakikisha linashuka sm 2 kwa kila mita kuelekea nje. Kwa m 3.2 hiyo ni sm 6.4. Wakati wa kufunga mteremko huo unaonekana mwingi, lakini ukiwa mdogo zaidi hupotea bomba likipinda kidogo kwa uzito wa kinga yake ya sufi. Maungio yalipangwa kipande cha upande wa feni kiingie ndani ya kile cha upande wa nje, ili maji yanayotiririka yasikutane na ukingo. Kila ungio lilifungwa kwa utepe wa alumini wenye gundi. Karibu na feni kiliwekwa kipande cha mikunjo cha sm 40, kimenyooshwa, kazi yake kuzuia mtetemo usisikike darini, nacho kikakazwa kwa kilipu za chuma ncha zote mbili.

Bomba lote gumu lilivikwa sufi ya kioo ya mm 50 yenye ganda la alumini nje. Pasipo kinga hiyo, mvuke hugeuka maji ndani ya bomba kabla ya kufika ukutani.

Tundu la ukutani lilitobolewa likiinama kidogo kuelekea nje. Kifuniko kilichochaguliwa kina vibao vitatu vinavyofunguliwa na hewa na kujifunga feni ikizimwa. Hakina wavu mwembamba wa wadudu, kwa kuwa wavu wa namna hiyo huziba kwa vumbi na nyuzi za taulo ndani ya miezi michache. Mwanya wa kuzunguka feni kwenye jipsamu ulizibwa kwa silikoni.

## Vipimo vilivyobadilisha mpango

Hapa ndipo kisa kinafaa kusomwa polepole. Mpango ulikuwa kuibakiza feni ya pili, kwani ilikuwa bado mpya. Badala ya karatasi kwenye wavu, hewa ilipimwa pale inapotokea: mfuko wa plastiki wa lita 120 ulifungwa kwenye mdomo wa boksi la karatasi lisilo na kitako, ukabanwa mpaka ukawa bapa, boksi likakandamizwa juu ya kifuniko cha nje, na muda wa mfuko kujaa ukahesabiwa. Ni kipimo cha mafundi, si cha maabara, lakini kinajibu swali lenyewe.

Mara ya kwanza mfuko ulijaa kwa sekunde 13, yaani lita 9 kwa sekunde. Lengo lilikuwa 23.

Mlango wa bafu ulipofunguliwa, muda ulishuka hadi sekunde 10. Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haijaingia. Mlango ulikuwa umewekewa mpira chini kuzuia baridi, na dirisha limefungwa. Mpira ulitolewa na mlango ukakatwa chini mpaka ukabaki mwanya wa mm 10 juu ya vigae vya sakafu. Kwa mlango wa mm 760 huo ni uwazi wa sm² 76, karibu sawa na uwazi wa bomba la mm 100, ambao ni sm² 78.5.

Kifuniko cha nje kilipochunguzwa, kibao kimoja kati ya vitatu kilikuwa bado kimeshikwa na kipande cha utepe wa kiwandani. Kilipotolewa, mlango ukiwa umefungwa, mfuko ulijaa kwa sekunde 8: lita 15.

Lita 15 zilikuwa ndio mwisho wa feni ile. Boksi lake lilisema m³ 170 kwa saa, ambazo ni lita 47. Theluthi mbili zilipotelea kwenye bomba, kona na kifuniko, ingawa bomba lilikuwa fupi, gumu na laini. Feni ya mapanga iko hivyo: ukiipa upinzani kidogo hupoteza nguvu. Iliondolewa, ikawekwa feni ya gurudumu, inayosukuma hewa kwa gurudumu la vibao badala ya mapanga na kukaa katikati ya bomba, juu ya dari, imefungwa kwenye kipande cha mbao chenye mpira. Mfuko ulijaa kwa sekunde 5, lita 24 kwa sekunde. Taima iliwekwa dakika 20 baada ya taa kuzimwa.

Kabla ya kukabidhi kazi kulikuwa na ukaguzi mmoja usioruhusiwa kurukwa. Nyumba ina hita ya maji ya gesi yenye bomba la moshi lililo wazi ndani ya stoo. Feni yenye nguvu inaweza kuvuta moshi wa hita urudi ndani, na kaboni monoksaidi haina harufu. Milango na madirisha yalifungwa, feni ya bafu na ya jikoni zikawashwa pamoja, hita ikawashwa, na ubani ukashikwa penye mdomo wa bomba lake. Moshi ulivutwa kupanda juu. Kengele ya kaboni monoksaidi ilifungwa vilevile. Kama moshi ungerudi chini, hita isingetumika kabla ya kupatikana njia ya kudumu ya hewa ya kuingia.

## Matokeo

Baada ya wiki 5 kenchi iliyosoma asilimia 26 ilisoma 15. Hapo ndipo sufi mpya ilipolazwa, si kabla. Doa la korido lilipakwa kwanza rangi ya kuzuia madoa, vinginevyo rangi ya maji hulivuta lijitokeze tena, kisha rangi ya kawaida. Halikurudi katika msimu wa baridi uliofuata.

Kasoro moja ilijitokeza. Usiku wa baridi kali wa wiki ya sita, matone matatu yalianguka kutoka kwenye wavu wa bafuni. Kipande cha mikunjo cha sm 40 na gamba la feni havikuwa vimevikwa sufi. Vilionekana vifupi mno kuleta shida. Mvuke uligeuka maji pale pale na kurudi chini, maana sehemu hiyo iko kabla ya mteremko kuanza. Kipande kilivikwa. Feni nayo ilijengewa boksi la kinga linalofunguka, mota ikiachiwa nafasi ambayo mtengenezaji ameitaja ili isipate joto kupita kiasi.

## Uchambuzi

Feni ya pili ilizidisha madhara kwa sababu ilikuwa na nguvu zaidi. Hewa iliyoshiba mvuke kwa nyuzi 25 za selsiasi hubeba gramu 23 za maji kwa kila m³, na kwa nyuzi 10 hubeba gramu 9.4 tu. Kinachozidi lazima kiachwe kwenye kitu cha baridi kilicho karibu, na juu ya dari kitu hicho ni plaiwudi na misumari. Bomba lilipochomoka, feni haikuwa na upinzani wa bomba, hivyo ingeweza kutoa hadi m³ 170 zake zote kwa saa. Dakika 10 za kuoga ni m³ 28. Kama hewa yote hiyo ingekuwa imeshiba, maji yanayoachwa ni gramu 385 kwa mtu mmoja, lita moja na nusu kwa watu wanne, kila asubuhi. Huo ni ukomo wa juu, na kiasi halisi kilikuwa chini yake, lakini hata nusu yake ni maji mengi kwa mbao.

Hiyo pia ndiyo sababu karatasi na kioo vilidanganya. Vyote viwili vinaonyesha kwamba hewa inatoka chumbani, na kwa feni iliyochomoka jibu lake ni zuri kuliko kwa feni iliyofungwa sawasawa. Lawama hapa haiwaangukii wenye nyumba. Walipima kwa njia waliyofundishwa. Fundi wa feni ya pili ndiye aliyepaswa kupanda juu na kutazama bomba kabla ya kuuza feni kubwa, na kwenda nje kuhakikisha kuna kifuniko kinachopuliza.

Fundi wa paa alikuta vigae vyenye nyufa, na nyufa zilikuwa za kweli. Kosa lilikuwa kuacha kutafuta alipopata jambo moja linaloeleza doa. Kipimo cha unyevu katika sehemu mbili za paa kingechukua dakika tano.

Katika marekebisho yenyewe, kilichofaa zaidi kilikuwa kupima baada ya kila badiliko, moja moja. Kama feni ya gurudumu ingefungwa kwanza, ingeweza kufikia kiwango cha kuridhisha huku mlango umezibwa na kibao kimenaswa, ikipiga kelele na kuchakaa kwa kazi isiyo yake. Kisichofaa kilikuwa kuikadiria kinga kwa jicho badala ya kuivika njia nzima, kuanzia jipsamu hadi ukutani.

Vibao vya nje sasa hufutwa mara mbili kwa mwaka, na mfuko wa lita 120 umehifadhiwa stoo pamoja na boksi lake. Kwenye boksi imeandikwa kwa kalamu nene: sekunde 5. Siku mfuko utakapochukua sekunde 8 kujaa, wa kwanza kukaguliwa ni mwanya wa mlango, kisha vibao, kisha kilipu za kile kipande cha mikunjo.